Ulimbo wa kuchezea: kwa nini unavutika, na kwa nini wa kwako umekataa

Mtu ana gundi nyeupe ya seremala, ana wanga wa muhogo, na ana watoto watatu waliomzunguka wakisubiri. Amepata maelekezo kwamba gundi ukiichanganya na "wanga wa maji" unapata donge laini linalovutika urefu wa mkono bila kukatika. Basi anachemsha wanga, anaupoza, anaumimina kwenye gundi, anakoroga. Unatoka uji mweupe. Anaongeza wanga, uji unazidi kuwa mzito. Jioni umekaukia kwenye bakuli kama rangi ya ukuta, na watoto wameshatawanyika.

Kipimo hakikuwa na kosa. Kosa limejificha kwenye neno "wanga". Maelekezo mengi ya namna hii yametoka Marekani, ambako kuna wanga wa maji wa kunyooshea nguo unaouzwa kwenye chupa, na ndani yake kiwandani huwa umetiwa boraksi kidogo, unga mweupe wa madini. Ile boraksi ndiyo inayoigeuza gundi kuwa donge. Huku kusini mwa Tanzania, kuanzia Kilwa hadi Newala, ukisema wanga mtu anafikiria muhogo, na muhogo hauna cha kuikamatisha gundi hata uuchemshe hadi kesho.

Muhogo una uwezo wake mwingine, nao ni mkubwa, tutaufikia. La kushika kwanza ni kwamba kuna madonge mawili tofauti ya kuvutika: la gundi na boraksi, na la muhogo bila gundi. Kila moja linavutika kwa sababu yake, linaharibika kwa sababu yake, na hayafai watoto wa umri mmoja. Ukichukua nusu ya hili na nusu ya lile ndipo unapopata ule uji.

Watoto wengi huliita slaimu. Sisi tunaliita ulimbo, kwa kuwa yeyote aliyewahi kutega ndege kwa utomvu wa mfenesi anaujua ulimbo vidoleni mwake: unavutika, na unanata. Wa kuchezea unatakiwa uvutike bila kunata. Kazi yote iko kwenye hiyo tofauti.

Nyuzi, na chembe yenye mikono minne

Chukua mlenda. Kijiko kikiinuka, mlenda unakifuata kwa uzi mrefu mwembamba kabla haujakatika. Maji matupu hayafanyi hivyo. Mlenda unafanya hivyo kwa sababu ndani ya maji yake zimo molekuli ndefu mno, mithili ya nyuzi, zilizojiviringa na kupishana. Ukivuta, nyuzi zinaburutana. Gundi nyeupe nayo imejaa nyuzi za aina hiyo. Lakini bado inamiminika, kwa sababu hakuna kinachoufunga uzi mmoja kwa mwenzake. Kila mmoja unateleza kivyake.

Boraksi ikiyeyuka majini hutoa borati: chembe ndogo yenye boroni, elementi iliyomo kwenye boraksi, katikati na mikono minne kuizunguka. Mikono miwili inaweza kuushika uzi huu, na miwili ikaushika ule. Zikishikana nyuzi nyingi kwa namna hiyo, gundi inaacha kuwa kimiminika na inakuwa wavu mmoja ulioyabana maji ndani yake. Unaiona hatua hiyo kwa macho: mchanganyiko unaanza kuziachia kuta za bakuli na kujikusanya kwenye mwiko.

Sasa lililo zito zaidi. Mshiko wa borati si wa kudumu. Mkono unaachia uzi, unadaka mwingine, unaachia tena, muda wote, hata donge likiwa limetulia mezani. Ukilivuta polepole, mikono inapata nafasi ya kuachia na kudaka upya, nyuzi zinasogea, donge linarefuka hadi likawa jembamba kama utepe. Ukilivuta ghafla, mikono haina nafasi, na donge linakatika kwa mkato safi kana kwamba limepitishwa kisu. Ukiliviringisha na kulidundisha sakafuni, linaruka kidogo, maana pigo la sakafu ni la ghafla kuliko hata mvuto. Ukiliacha juu ya sahani, baada ya robo saa limetandaa kama maji yaliyochoka. Donge ni lile lile; kilichobadilika ni muda uliolipa. Hili mtoto wa miaka minane analielewa vizuri kabisa akilifanya kwa mikono yake, na ndiyo sababu mchezo huu unastahili kuandaliwa kwa makini.

Linganisha na tairi la baiskeli. Nalo ni nyuzi ndefu, za utomvu wa mpira. Mwishoni mwa karne ya 19 utomvu wa mitambazi ya porini, ndugu za mbungo, ulivunwa bara ya huku kusini na kusafirishwa ng'ambo kupitia bandari kama Kilwa na Lindi. Utomvu ule peke yake unanata kwenye joto na unakakamaa kwenye baridi. Mwaka 1839 Charles Goodyear, Mmarekani, aligundua kwamba ukiuchanganya na salfa na kuupasha moto, tabia hiyo inakoma. Salfa inazifunga nyuzi kwa fundo lisilofunguka. Kwa hiyo tairi ukilivuta linarudi, na ukiliacha halitandai. Borati inafunga kwa fundo linalofunguka. Tofauti ya tairi na ulimbo wa mtoto iko hapo tu.

Donge la kuvutika lililopata umaarufu kuliko yote lilizaliwa kwenye kutafuta mpira. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Marekani ilikosa mpira wa Asia, na mwaka 1943 James Wright, mhandisi wa kampuni ya General Electric, alichanganya mafuta ya silikoni na asidi ya boriki akitafuta mpira wa kutengeneza. Alichopata kilidunda na kuvutika lakini hakikufaa kwa tairi. Mwaka 1950 Peter Hodgson alianza kukiuza ndani ya mayai ya plastiki kwa jina la Silly Putty, na mwaka 1968 wanaanga wa Apollo 8 walikibeba kushikiza vifaa visielee. Silikoni ile si ya kupikwa nyumbani, lakini angalia: kazi ya kufunga ilikuwa ya boroni huko pia.

Gundi ipi

Si kila gundi nyeupe inakubali. Inayotakiwa ni ya PVA, ile inayouzwa kwa maseremala kwenye makopo na ndoo katika maduka ya vifaa vya ujenzi, au ya chupa ndogo kwenye maduka ya vifaa vya shule. Ya shule ni bora kwa ngozi ya mtoto na huwa nyepesi. Ya seremala ni nzito, inahitaji maji zaidi, na haikutengenezwa kwa kuchezewa, kwa hiyo ukiitumia iwe kwa mtoto mkubwa anayenawa mikono bila kusukumwa.

Hapa kuna jambo ambalo maelekezo mengi hulikosea. PVA ni herufi za vitu viwili: polivinili asetati, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gundi, na polivinili alkoholi, ambayo hutiwa kidogo ili matone ya gundi yasigandane ndani ya kopo. Borati inaishika vizuri ile ya pili. Gundi mbili zinaweza kuandikwa PVA zote mbili, moja ikatoa ulimbo mzuri na nyingine ikatoa makapi, kwa kuwa kiasi cha alkoholi kilichomo kinatofautiana. Gundi ya karatasi iliyotengenezwa kwa wanga haitafanya lolote la maana, wala ya kijiti cha kupaka.

Kwa hiyo jaribu kabla ya kununua kopo kubwa. Kijiko cha chai cha gundi, kijiko cha chai cha maji, koroga, kisha matone kumi ya maji ya boraksi. Ndani ya sekunde chache iwe imeanza kuvutana na kushikamana. Ikibaki nyepesi, gundi hiyo mrudishie fundi.

Ziache kabisa gundi zilizoandikwa kwamba zinahimili maji. Nyingi zina asidi na kemikali za ziada za kukazia. Gundi ya viatu na matairi haiguswi: mvuke wake unalevya na kudhuru. Gundi ile ya tone moja inayokauka papo hapo inabandika vidole. Na kwa kuwa tuko kwenye nchi ya korosho, lisemwe wazi: asijaribu mtu kutumia mafuta ya ganda la korosho eti kwa sababu yanavutika. Yanaunguza ngozi, na watoto wa Tandahimba na Masasi wanayajua makovu yake.

Boraksi, na unga mweupe usio na jina

Masonara huitumia boraksi kusafishia na kuyeyushia dhahabu, na wachimbaji wadogo vilevile, kwa hiyo haikosekani kwenye mkoa wenye machimbo. Shida ni namna inavyouzwa: mara nyingi imepimwa kwenye kifungashio kisicho na maandishi. Unga mweupe usio na jina usiingie kwenye mchezo wa mtoto. Kostiki ya kutengenezea sabuni nayo ni nyeupe, na inaunguza mkono hadi nyama. Asidi ya boriki inayouzwa kama dawa ya mende nayo ni nyeupe, ina boroni nyingi zaidi kwa uzito kuliko boraksi, na huenda imechanganywa na vingine. Nunua iliyo kwenye kopo lake la asili, lenye jina na lakiri ya kiwanda. Ukikosa, fanya ule wa muhogo. Hakuna njia ya katikati.

Boraksi yenyewe si sumu ya kugusa kidole ukafa, lakini si chumvi ya mezani pia. Ikimezwa inadhuru, vumbi lake linawasha macho na koo, na Umoja wa Ulaya umeiweka kwenye orodha ya kemikali zinazoweza kudhuru uzazi. Kanuni zao za vitu vya kuchezea zinaweka kikomo cha boroni inayoweza kutoka kwenye kitu: miligramu 300 kwa kilo kwa vinavyonata au kumiminika, na miligramu 1,200 kwa kilo kwa vinavyofinyangika. Kipimo tunachokitoa hapa chini kina takribani miligramu 600 za boroni kwa kila kilo ya donge. Maana yake ni kwamba uko chini ya kikomo cha vitu vya kufinyanga. Lakini kanuni hizo huihesabu slaimu kati ya vitu vinavyonata au kumiminika, na kikomo cha hivyo ulimbo huu unakipita mara mbili, hata ukiukanda vizuri. 

Kwa hiyo mpaka wetu ni huu. Chini ya miaka mitatu, hapana, wa aina yoyote, maana donge lolote linaweza kuziba koo. Kuanzia mitatu hadi sita, wa muhogo, mtu mzima akiwa jirani. Kuanzia saba, wa gundi unaruhusiwa, ila unga wa boraksi anaupima na kuuyeyusha mtu mzima peke yake. Mtoto anaingia kwenye gundi, rangi na kukanda. Mwenye kidonda au mchubuko mkononi asubiri upone. Bakuli na kijiko kilichotumika kisirudi jikoni.

Kuna njia ya tatu kwa anayeweza kuipata: maji ya kusafishia lenzi za macho, yale ambayo kwenye maandishi yake imetajwa asidi ya boriki au sodiamu borati. Kwa nusu kikombe cha gundi tia nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea, ile bikaboneti, koroga, kisha ongeza maji ya lenzi kijiko kimoja cha chakula na zaidi kidogo kidogo. Soda haiko pale kwa mapambo. Boroni kwenye maji yale nyingi iko katika hali ya asidi, haina mikono minne iliyo tayari; soda inayavuta maji kuelekea kwenye umagadi na kuigeuza iwe borati. Bila soda yanaweza kumwagwa chupa nzima bila donge. Boroni humo ni kidogo na kimepimwa kiwandani, hilo ndilo tunalolipenda. Bei yake hatuipendi, na si kila duka la miwani linayaweka.

Kuuchanganya

Yeyusha kijiko kimoja cha chai cha boraksi, kilichosawazishwa kwa kisu (gramu 4 hivi), kwenye mililita 250 za maji ya uvuguvugu. Koroga hadi usione punje hata moja chini. Punje isiyoyeyuka itakuja kujificha ndani ya donge na kukwaruza kama mchanga.

Kwenye bakuli lingine weka gundi mililita 120, yaani nusu kikombe, na maji vijiko vitatu vya chakula. Ikiwa ni gundi nzito ya seremala, maji yawe vijiko vinne. Rangi ya chakula, matone mawili matatu, inaingia sasa, kabla ya boraksi. Bomba la sindano la mililita 10 kutoka duka la dawa, bila sindano yake, linapima vizuri kuliko vijiko vya nyumbani, ambavyo kila kimoja kina kina chake.

Kisha maji ya boraksi, kijiko kimoja cha chakula kwa wakati, ukikoroga bila kusimama. Cha kwanza na cha pili vinaleta nyuzinyuzi. Kwenye cha tatu na cha nne mwiko unakuwa mzito na mchanganyiko unaonekana kama umekatika, kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Usiogope, endelea kukoroga. Kwa kawaida kwenye cha tano au cha sita donge linaachana na bakuli. Hapo simama. Litakuwa bado linanata, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaona linanata, wanaongeza boraksi. Litoe, likande mikononi kwa dakika tatu hadi tano. Maji yaliyobaki juu yake yanaingia ndani, borati inasambaa kutoka kwenye sehemu zilizokaza kwenda kwenye sehemu zilizolegea, na kunata kunaisha kwenyewe. Kiganja kinaanza kuonekana safi kila unapokifungua. Hiyo ndiyo dalili, wala si idadi ya vijiko.

Maji yatakayobaki chini ya bakuli yamwage. Usiyalazimishe yaingie.

Linapokataa

Karibu kila kasoro ni moja kati ya mbili: vifungo vichache, au vifungo vingi. Likinata hata baada ya dakika tano za kukanda, ni vichache. Chovya vidole kwenye maji ya boraksi ukande tena, na fanya hivyo mara moja moja badala ya kumimina. Likikatika kila unapolivuta, likiwa gumu na lenye mipasuko kama bada, yaani ugali wa muhogo, lililolala, ni vingi. Hapo lizamishe kwenye maji ya uvuguvugu dakika mbili tatu, ukande, na ukibidi ongeza kijiko cha gundi iliyozimuliwa kwa maji. Gliserini ya duka la dawa, kijiko cha chai, husaidia lisikakamae siku za mbele.

Ukipata vidonge vidonge vinavyoelea kwenye maji meupe, boraksi ilimiminwa yote kwa mara moja. Kila tone la gundi lilijifunga ngozi kwa nje kabla gundi ya ndani haijaguswa. Hilo halitengenezeki vizuri, anza upya.

Na maji. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na chumvi huyavuta maji kutoka kwenye nyuzi za gundi: donge linatoa jasho na kukakamaa ingawa vipimo ni sahihi. Anayetumia kisima cha namna hiyo atumie maji ya mvua au ya kunywa kwa kazi hii. Ukishangaa kwa nini kipimo kilichokubali kwa shangazi yenu Masasi kimekataa Mikindani, onja maji kwanza.

Joto nalo lina sauti yake. Mikono ya borati huachia haraka zaidi kukiwa na joto, kwa hiyo ulimbo uliokuwa mzuri asubuhi unakuwa laini saa nane mchana miezi ya Desemba na Januari. Usiongeze boraksi kwa ajili ya saa nane. Jioni utakuwa mgumu. Uweke kivulini, au chupa yake kwenye maji ya mtungi, utarudi.

Wa muhogo

Huu ndio tunaoupendekeza kwa nyumba yenye watoto wa rika zote, na malighafi yake iko shambani. Lakini ni wanga unaotakiwa, si unga. Unga wa makopa una nyuzinyuzi za muhogo mzima. Ukiusonga unapata bada, chakula kizuri, na hakivutiki. Wanga ni ile sehemu nyeupe inayotuama chini ya maji.

Menya kilo 2 za muhogo mbichi, osha, paruza kwenye kikwaruzo kisicho na kutu (kutu inaufanya wanga uwe wa kijivu). Mimina maji lita 3, pekecha kwa mikono, kamua kwenye kitambaa au kifumbu kama unavyokamua tui. Acha yatulie saa tatu au nne, mwaga maji ya juu taratibu, tia mengine, koroga, acha yatulie tena usiku kucha. Asubuhi chini ya ndoo kuna tabaka jeupe gumu linalolia chini ya kijiko. Livunjevunje, lianike juani siku moja au mbili. Kwa mkono unapata gramu 200 hadi 300. Maji yaliyomwagwa, hasa ya muhogo mchungu, yana sumu ya sianidi. Yasiachwe mahali mbuzi au kuku wanakunywa.

Sasa ulimbo. Pima wanga gramu 150. Chukua kijiko kimoja cha chakula kilichojaa kutoka humo, ukikoroge kwenye maji baridi mililita 150, na uweke sufuria kwenye moto mdogo bila kuacha kukoroga. Punje za wanga zinaanza kufura na kupasuka maji yakifika nyuzi 60 hadi 70 hivi; utaona weupe ukigeuka kuwa uwazi, na mwiko ukiburuta. Epua. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, gliserini kijiko kimoja cha chakula, na mafuta ya nazi kijiko cha chai. Subiri hadi kidole kivumilie.

Subira hiyo ina maana yake. Ukitia wanga mkavu kwenye ute wa moto, nao utaiva, na utapata mabonge yanayonata kama gundi ya bahasha. Ute ukiwa vuguvugu, wanga mkavu unabaki mbichi, umeelea ndani ya ute. Ongeza kijiko kwa kijiko, kwanza kwa mwiko kisha kwa mikono, hadi donge liache kunata. Wanga ulioanikwa hewa ya pwani huwa na unyevu, kwa hiyo unaweza kumaliza wote au kubakiza kidogo.

Ute ndio unaovutika; punje mbichi zilizojazana ndani yake ndizo zinazogoma ukivuta ghafla. Hakuna boroni hapa. Na muhogo unafaa kuliko mahindi kwa sababu inayojulikana: wanga wote una nyuzi za aina mbili, zenye matawi na zilizonyooka. Zilizonyooka, ute ukipoa, hurudiana na kukaza. Wanga wa mahindi una takribani asilimia 25 ya hizo, na ndiyo maana ute wake ukipoa unaganda na kumeguka. Wa muhogo una asilimia 17 hivi, unabaki wazi na wenye kuvutika.

Udhaifu wake ni umri. Ni chakula, na vijidudu vinalijua hilo: kwa joto la Lindi kesho yake una harufu ya uchachu, keshokutwa ni wa kutupa. Wa gundi, kwenye kopo lenye mfuniko unaokaza, unakaa wiki moja au mbili. Ukiona madoa ya ukungu kwenye wowote kati yao, utupe bila kukata sehemu iliyoharibika. Utupwe kwenye takataka ukiwa donge. Ukimwagwa kwenye bomba la maji machafu unaziba.

Ndimu

Ulimbo wa gundi ukishika kanga au zulia usiukwangue. Kamulia ndimu, au mimina siki, subiri dakika tano, kisha fua kwa maji ya uvuguvugu. Asidi inaivua borati ile hali yake ya mikono minne, vifungo vinaachia, na kilichobaki ni gundi nyepesi inayofulika ikiwa haijakauka.

Kabla ya kuutupa ulimbo uliochoka, mpe mtoto kipande kidogo kwenye kikombe na nusu ya ndimu. Akamulie na kukoroga kwa kijiti. Kitaanza kulegea pembezoni, kisha kitamiminika chote kama hakikuwahi kuwa donge. Halafu mpe soda ya kuokea, au maji safi ya magadi, yale yale yanayotiwa kwenye mlenda, atie tone kwa tone. Povu litapanda kwanza, maana asidi na soda zinapigana. Aendelee kutia na kukoroga. Povu likiisha, kijiti kitaanza kuwa kizito mkononi mwake, na akikiinua, uzi mweupe utainuka nacho.